Saa Sita Mchana, kwa Barabara Kubwa

Pale Rudewa tulimwita Manju, kwa sababu yeye ndiye aliyeanzisha wimbo na sisi tukapokea. Jina lake ninalijua, kama ninavyoyajua majina ya wote aliowatoa. Lakini alitukataza kulitia kwenye nyimbo. Alisema jina la mwanamke linaingia kwenye wimbo siku anapotolewa, na yeye hatatolewa na mtu, kwa hiyo tuliache lilipo. Amri hiyo niliivunja mara moja tu. Nitafika huko.

Kazi yake ilikuwa kuwatoa walioachwa.

Kabla yake, mwanamke akiachwa kwetu aliondoka alfajiri. Kanga usoni, njia ya nyuma ya mashamba, vyombo vyake vimefungwa kwenye shuka kimoja kimoja visigongane watu wakasikia. Hivyo ndivyo alivyoondoka mama yangu mdogo, Mwajuma. Hivyo ndivyo alivyoondoka Hawa wa kambini, na Agnesi aliyeolewa kule Berega. Watu wanaamka asubuhi, mtu hayupo. Utafikiri ameiba.

Manju akasema hapana. Hukuingia kwenye ile nyumba kwa mlango wa nyuma, hutatoka kwa mlango wa nyuma. Utaondoka saa sita mchana, jua likiwa utosini na kila mtu yuko nje. Utapita barabara kubwa, penye duka na mashine ya kusaga na ofisi ya kata. Vyombo vyako vitagongwa kuanzia kizingitini kwa mume mpaka uani kwa mama yako, na wewe mwenyewe utaimba.

Ngoma hakuwa nayo. Ngoma za pale zilikuwa za wazee wa kiume, huwezi kuziomba bila kuulizwa maswali. Yeye alipiga sufuria, na sufuria zenyewe si zake. Ni zako wewe unayetoka, zile ulizokuja nazo ulipoolewa. Akifika, anakwenda moja kwa moja jikoni, anazipindua, anazigonga matako kwa vifundo vya vidole huku ameinamisha sikio, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Hii imechoka. Hii inasema. Hii nani alikupa?"

"Shangazi."

"Shangazi yako alikupenda. Hii ndiyo itatangulia."

Alipenda zenye masizi. Esta, binti wa katekista, alitaka kuzisugua zake kwa mchanga kwanza ili asionekane mchafu njiani. Manju akamnyang'anya ile sufuria mkononi. "Weusi huu ni ugali wa miaka tisa. Unataka kumfutia ushahidi?" Esta akacheka na machozi yake, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza tangu aachwe. Nilikuwapo, nimeshika mwiko.

Kulia hakukukataza. Alitoa siku tatu. Anakuja asubuhi na uji wake kwenye chupa ya chai, anakaa kwenye kigoda, anakuacha ulie hadi uchoke, wala hakwambii nyamaza, wala hakwambii Mungu yupo. Ukimwuliza, "Dada, nimekosa nini?" anakujibu, "Kunywa uji." Siku ya nne, ukianza tena, anasimama. "Masikio yangu ni ya siku tatu. Leo nimekuja na mikono."

Wimbo wenyewe ulikuwa mwepesi, mtoto angeushika:

Nilikuja na sufuria,
naondoka na sufuria.
Chakula nilichopika
mmekula, mmeshiba.

Baada ya hapo ndipo anaweka ya kwako. Anakuwa amekuuliza zile siku tatu, kidogo kidogo, wewe hujui anakusanya. Kwamba ulilima heka mbili za mpunga ukiwa na mimba. Kwamba ulimuuguza mama mkwe mpaka akafa mikononi mwako. Yote yanaimbwa, watu wa dukani wanayasikia, na wewe unayasikia. Hilo la wewe kuyasikia ndilo alilolitaka. Mtu aliyeachwa husahau alifanya nini duniani, anakumbuka aliloambiwa siku ya mwisho tu.

Mimi nilikuwa wa pili kutolewa. Nilikuwa nimeolewa Mvumi, na yule bwana alimtuma kaka yake aje kuniambia, yeye mwenyewe akakaa kilabuni. Nilikuwa na Rajabu anatembea, na Tatu mgongoni. Siku ya nne Manju akanitoa, na katikati ya barabara, hasira zikanipanda, nikalitia jina la yule bwana ndani ya wimbo. Nikalirudia. Lilikuwa jina zuri kuimba, ndilo tatizo. Watoto wa Mvumi wakaliokota, likafika Rudewa, likafika Kilosa mjini kwa wauza nyanya. Nilidhani nimemkomesha. Kumbe akienda dukani kununua betri anapewa kiti. "Ndiye wewe wa kwenye wimbo?" Anacheka, anakaa. Haukupita mwaka akaoa mwingine kwa umaarufu niliompa mimi.

Manju alinijia amefura. "Umemtungia, Mama Tatu. Umemwacha kwa miguu, umembeba kwa mdomo."

Kuanzia hapo ikawa sheria: jina la mwanamume aliyeacha mke haliingii. Ndiyo maana hata hapa simtaji, na majina mengine mnayapata.

Walikuwapo waliomchukia. Alishaitwa ofisi ya kata, mwenyekiti mmoja akamwambia mbele ya watu kwamba anavunja ndoa. Manju alikaa, akavua kandambili zake, akazipanga vizuri chini ya benchi.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Umesikia unachoshtakiwa?"

"Nimesikia. Sasa nitajie nyumba moja niliyoikuta nzima nikaivunja."

Mwenyekiti akageuza kalamu mkononi.

"Mimi naitwa kubeba vipande. Mkitaka niache, waambieni wanaovunja."

"Lakini kelele, mama. Mnapita na kelele saa ambayo watu wako kazini."

"Na harusi inapita saa ngapi, mwenyekiti?"

Watu wakacheka, na mwenyekiti mwenyewe akajifanya anatafuta karatasi.

Harusini hakwenda kuimba, ingawa alibembelezwa sana. "Huko kuna watu wa kutosha," alisema. Ukimlazimisha, anakuja, anakula wali, anakaa karibu na masufuria ya mpishi, na tulimtania kwamba anayasikiliza kwa ajili ya baadaye.

Mwanamume alimtoa mmoja tu, Saidi fundi baiskeli. Mkewe alimwacha akaenda Dumila na mfanyabiashara wa mahindi. Saidi akajifungia ndani, baiskeli za watu zimelala nje magurudumu juu. Sisi tulisema huyo si kazi yetu. Manju akasema, "Ana moyo wa aina gani huyo, wa bati?" Akampelekea uji siku tatu. Siku ya nne akamwambia, "Wewe nyumba ni yako, huna pa kurudi. Kwa hiyo tutakutoa mpaka mtoni, tukurudishe."

"Mimi sufuria sina, Manju. Kachukua zote."

"Una kengele."

Basi tukamtoa Saidi mchana kweupe, akisukuma baiskeli na kupiga kengele, wanawake sita nyuma yake, wanaume wenzake wamejaa kibarazani wanamzomea. Alipofika mtoni akanawa uso. Wakati wa kurudi, kengele ilikuwa inalia kwa mpigo wenyewe, na wale wa kibarazani wawili walikuwa wanagonga miguu bila kujua. Jioni ile alizikusanya zile baiskeli zote na kuanza kuziziba pancha.

Sasa niseme na hili, maana nisipolisema nitakuwa nimempamba. Yeye mwenyewe alikuwa na mume asiyekuwapo. Fundi magari, kule Mikumi kwenye barabara ya malori, na huko Mikumi alikuwa na mwanamke mwingine. Hilo alilijua hata muuza karanga. Alikuja Rudewa mara mbili kwa mwaka, na kilo mbili za sukari na kanga ya kukunjuka leo kesho imepauka. Akija, Manju anakuwa msichana. Anapaka mafuta miguuni, anachinja kuku, anazungumza kwa sauti ndogo ambayo sisi hatukuijua.

Nilimwuliza mara moja tu. Tulikuwa tunapepeta mpunga. "Dada, wewe unatutoa wote. Huyu wako vipi?"

Akaendelea kupepeta. "Huyu hajaniacha. Amechelewa."

"Amechelewa miaka mingapi?"

"Mama Tatu, pepeta."

Na kuna jambo la redio. Mbele yetu alizisema vibaya nyimbo za mapenzi za kulialia. Mjukuu wangu Neema alipoachwa na kijana wa Morogoro, kwa ujumbe wa simu, mistari miwili tu, alijilaza wiki nzima na vile vitu vya masikioni. Manju akamchomoa kimoja, akajitia sikioni mwake, akasikiliza.

"Huyu anasema nini?"

"Anasema hawezi kuishi bila yeye, bibi."

"Na wewe unamwamini? Mtu hawezi kuishi, ana nguvu za kupiga gitaa hivyo?" Akamrudishia. "Kuna wimbo wa kukulaza na wimbo wa kukusimamisha. Huu umeshakulaza vya kutosha. Inuka, una sufuria?"

Neema sufuria hakuwa nayo, alikuwa hajaolewa. Manju akamfanya agonge ile simu yenyewe kwa kijiko, kuzunguka nyumba yangu, wakiimba. Kioo kilipata ufa. Neema anasema haujawahi kumuuma ule ufa.

Lakini mimi ni jirani, naona. Jumapili mchana akitoka kanisani, alikuwa akifunga mlango na kufungulia redio muziki wa dansi wa zamani, zile nyimbo za mwanamume anayemwita mpenzi arudi. Alikuwa akilia. Sikumwambia niliona. Kila mtu ana haki ya kulala kidogo, hata anayewasimamisha wenzake.

Kisha mume wa Manju akaumwa mguu, ukaoza kidole, na yule mwanamke wa Mikumi akamkimbia. Akamwita Manju. Akaenda. Tulimnunia, sitaficha. Zaituni, ambaye Manju alimtoa akiwa na mapacha, alisema mbele yake, "Umetuimbia uongo." Manju akamwangalia, akapanda gari na sufuria zake. Miaka minne alimwosha kile kidonda, akambeba, akampikia. Sauti yake iliharibika huko, sijui ni moshi wa magari au ni nini. Kwenye simu nilidhani naongea na mtu mwingine.

Mwaka jana, baada ya masika, Jumatatu, akanipigia.

"Mdogo wangu."

"Abee, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Alhamisi nakuja Rudewa na gari la alfajiri."

"Kutembea?"

Nilisikia lori linapita. "Amepona. Jana kaniambia niende nikapumzike nyumbani. Yule mwenzangu anarudi."

Nikasema, "Kunywa uji."

"Usinifanyie hivyo, Mama Tatu. Na usimwambie mtu. Nitapita kwa nyuma, kule mashambani. Ukimwambia mtu nitakukana."

Nilikata simu nikamwita Neema. Nikamtajia majina, yeye akitafuta namba. Zaituni. Esta. Mwanahamisi wa mashine. Pili mrefu, Pili mfupi. Joisi wa Berega. Nilipofika kwa Zaituni niliogopa atatukana. Alisikiliza, akasema tu, "Alhamisi ni siku ya tano. Ya nne ni Jumatano." Akakata.

Jumatano asubuhi tulikuwa Mikumi, wanawake saba, na Saidi na kengele yake mkononi, ameifungua kutoka kwenye baiskeli. Nyumba iko nyuma ya gereji, hatua chache kutoka barabarani. Yule bwana alikuwa amekaa juu ya tairi, mguu mzima, viatu vyote viwili.

"Shikamoo, shemeji," nikamwambia, maana umri wake ni umri.

"Marahaba. Mmekuja wengi. Mmefuata nini?"

"Sufuria."

Ndani nilimkuta Manju amekaa kitandani. Mbele yake pana shuka lililofungwa. Nilijua kilichomo kabla sijaligusa. Nililigusa, halikutoa sauti. Alikuwa amezifunga sufuria zake moja moja kwa vitambaa, zisigongane.

Hapo ndipo nililia mimi. Yeye hakulia.

"Nilikwambia usimwambie mtu."

"Nikane. Tumeshafika."

"Nina miaka sabini na tano, Mama Tatu. Mwanamke wa miaka sabini na tano haimbwi barabarani. Wataona kichaa."

"Sisi hawakutuona vichaa?"

"Nyie mlikuwa wasichana. Na nyie mliachwa. Mimi ni mjinga. Nilijua, nikakaa. Utaimba nini juu ya mjinga?"

Zaituni alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Dada, umemwosha mtu kidonda miaka minne. Mbona hilo ungeniimbia mimi?"

Manju akafumba macho. Nikaanza kulifungua lile shuka. Vitambaa nikavitupa chini, kimoja, kimoja. Nikapindua sufuria nikaigonga kwa kifundo cha kidole, kama nilivyomwona akifanya. Nikainua ya pili.

"Si hiyo," akasema bila kufungua macho. "Hiyo imechoka. Ya chini."

Nikatoa ya chini. Ilikuwa nyeusi tii, na ililia vizuri.

"Nani alikupa?"

"Mama." Akafungua macho. "Sauti sina. Nani ataanzisha? Wewe unaimba kama mlango."

"Siimbi. Nitataja."

Saa sita tukatoka. Jua la Mikumi saa sita mnalijua, lami inanata kwenye kandambili. Tulipita mbele ya yule bwana, na hakuna aliyemtazama. Malori yalikuwa yamejipanga, madereva wameshuka kula, wapiga chapati wako kazini, watu wanasubiri mabasi ya Iringa. Sufuria zikaanza, kengele ikaingia. Wenzangu wakaimba nilikuja na sufuria, naondoka na sufuria, na walipofika mahali pa kuweka mambo ya mtu, wakaninyamazia.

Nikataja. Kwa sauti yangu ya mlango, nikayataja majina ya wote aliowatoa, kwa mpangilio aliowatolea, na kila jina na kijiji chake na alichofanya. Aliye pale anaitika, "Nipo." Aliyekufa, tunagonga sufuria mara moja na kupita. Nilimtaja Tabu aliyefungua duka la vitenge Kilosa, nikamtaja Agata aliyejenga nyumba ya matofali Mvumi, marehemu, sufuria ikagongwa. Nilimtaja Saidi, akapiga kengele, dereva mmoja wa lori akacheka, kisha akapiga honi, na mwenzake akapiga. Wapiga chapati wakaanza kugonga vikaango vyao kwa vijiko vya chuma. Hawakumjua mtu hata mmoja. Walishika mpigo tu.

Manju alikuwa anatembea katikati yetu, mikono mitupu, anatazama chini. Tulipopita kituo cha mafuta nikaona kichwa kimeinuka. Nilipomtaja Neema, akasema kwa ile sauti yake iliyokwisha, "Na ufa wa simu. Usiusahau." Nikautaja na ufa wa simu.

Tukafika stendi. Majina yakaisha, yote, isipokuwa moja. Wenzangu wakagonga taratibu wakinisubiri. Manju akanigeukia, akaniinulia kidole, kile cha kukataza, nilichokiogopa tangu nikiwa na Tatu mgongoni.

Nikalitaja. Jina lake, na la baba yake, na Rudewa. Nikasema alitutoa wote, akabaki, akaosha, akapika, leo anatoka kwa barabara kubwa.

Kidole chake kilibaki hewani. Kisha akaushusha mkono, akauchukua mwiko mkononi mwa Zaituni, na ile sufuria ya mama yake, akaigonga mwenyewe. Alipiga kwa nguvu mpaka masizi yakamrukia kwenye blauzi nyeupe, na hakuyafuta, na alishuka nayo Rudewa vilevile, mchana, mbele ya duka.

Hapa silirudii. Waliokuwa Mikumi siku ile walilisikia.